Ubavu Ukishika Ghafula

Miongoni mwa vitabu niandikavyo hapa parokiani kimo cha marehemu. Nikiwauliza wafiwa sababu ya kifo, pengine hujibiwa hivi: "Ubavu tu, ulimshika ghafula." Ubavu una magonjwa mengi. Juma hili tutazame moja lisilo la kila siku, lakini liuao upesi: damu kuvuja kuzunguka figo, hali mtu hakuanguka wala hakupigwa.

Daktari Carl Wunderlich wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1856, nao ukapewa jina lake. Mara nyingi chanzo ni uvimbe katika figo: ama ule wa mafuta na mishipa ya damu, ambao kwa kawaida si saratani, ama saratani yenyewe. Kwa wengine mishipa ya damu ina ugonjwa, au mtu anatumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wapewavyo baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Dalili kubwa ni tatu: maumivu makali ya ghafula ubavuni, uvimbe mahali hapo, na kupungukiwa damu, yaani jasho baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja kuwa vyeupe. Si wote wapatao zote tatu. Tena msidanganyike na mkojo safi, maana damu huweza kumwagika nje ya figo isionekane katika mkojo.

Hapo ndipo tukoseapo nyumbani. Mgonjwa huambiwa ana ngiri. Hukandwa, huchanjwa chale, hulazwa siku mbili. Kukanda figo inayovuja ni kuongeza hatari. Mpelekeni zahanati, apimwe mapigo na presha, atundikiwe dripu, kisha aende Kahama, na ikibidi Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971. Altrasaundi huweza kuionyesha damu. Siti skani huonyesha vizuri zaidi itokako.

Kwanza hupewa maji na damu, na madaktari husimamisha dawa ya kuzuia kuganda. Akitulia, huangaliwa kitandani bila kupasuliwa. Damu isipokoma, daktari bingwa huweza kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hadi kwenye figo, akaziba panapovuja; masomo ya kazi ya namna hiyo yalianza Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka 2019. Isipowezekana, figo huondolewa, na mtu huweza kuishi kwa moja iliyo nzima. Baada ya miezi michache picha irudiwe, kwani damu iliyoganda huweza kuficha uvimbe.

Basi, mgonjwa asisindikizwe na mtu mmoja. Waende ndugu wawili watatu wenye afya, tayari kutoa damu, maana damu haiuzwi dukani. Na vidonge vyote anavyotumia vichukuliwe, daktari avione. Afadhali nauli ya bure kwa ubavu mdogo kuliko mimi kufungua kitabu kile tena.