Simu ya Askari na Uhai wa Mama

Katika nyumba nyingi za vijijini simu ni moja, nayo hukaa mfukoni mwa baba. Jambo hili huonekana dogo, lakini sisi twaona kuwa ndilo kiini cha shauri letu la leo, yaani matumizi ya simu za mkononi katika kuwaita wanawake wakachunguzwe saratani ya shingo ya kizazi. Twasema na ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, hasa walioko Bwera, Mpondwe na Nyakiyumbu wilayani Kasese.

Kwanza yafaa tumjue adui. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 walipatwa na saratani hii duniani, na wapatao 350,000 walikufa. Hapa Uganda hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kuipita. Chanzo chake ni virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanamume aweza kuvibeba na kuvieneza bila kuona dalili yoyote mwilini mwake. Kwa hiyo asiwepo askari wa kusema kwamba haya ni mambo ya wanawake yasiyomhusu.

Hata hivyo, adui huyu huenda polepole. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu chembe za mwili zianze kuharibika hadi zigeuke saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama vile mwenye VVU asiyepata matibabu, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10. Askari ajuaye kazi ya lindo hahitaji kuelezwa maana yake. Anayemwona adui angali mbali ana nafasi ya kumzuia. Anayengoja mpaka asikie kishindo mlangoni amekwisha kuchelewa. Damu isiyo ya kawaida na maumivu ndiyo kishindo hicho.

Uchunguzi wenyewe si jambo la kutisha. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, akangoja kama dakika moja, kisha akatazama kama pana mabaka meupe. Yakionekana mapema, mengi yaweza kuondolewa siku hiyo hiyo kwa kuunguzwa au kugandishwa, pasipo kulazwa. Kiko pia kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa faragha. Lakini majibu ya kipimo hiki mara nyingi hayatoki papo hapo, na hapo ndipo simu inapohitajika.

Je, simu yasaidia kweli? Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, nchini Tanzania, watafiti waliwagawa wanawake 866 katika makundi matatu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Katika kundi lililopata ujumbe mmoja tu wa kawaida, waliokwenda kuchunguzwa walikuwa kiasi cha 4 katika kila 100. Waliotumiwa mfululizo wa ujumbe mfupi wa mafunzo na kuhimizwa walifika 13. Waliopata ujumbe huo pamoja na nauli walifika 18. Hapa twajifunza mambo mawili. Ujumbe wasaidia, na nauli huongeza msaada huo. Lakini pia wengi hawakufika hata baada ya kuitwa. Ujumbe peke yake haumtoi mtu nyumbani.

Ndiyo maana twarudi kwa mwenye simu. Ujumbe ukifika kwa baba naye akaufuta, au akausahau kwa sababu yuko doria, mama hataitwa mara ya pili na jirani. Ukiandikwa kwa Kiingereza, au hata kwa Kiswahili chetu cha kambini, mama wa Nyakiyumbu aliyezoea Lhukonzo huenda asiuelewe. Basi heri asomewe, au apigiwe simu kwa lugha yake. Tena ujumbe wa majibu usitaje ugonjwa. Yatosha useme: njoo kituoni, majibu yako tayari. Na mume asiugeuze kuwa hati ya mashtaka. HPV yaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, wala haithibitishi kwamba mtu fulani amekosa uaminifu.

Maisha ya askari yana tatizo lake. Amri ya uhamisho hutoka, jamaa wakafunga mizigo, laini ya simu ikabadilishwa, na kituo cha afya kikabaki na namba isiyojibu. Kwa hiyo kila familia ya kambini iandikishe namba mbili, na kabla ya kuhama mama aulize majibu yake na kuchukua kadi yake. Makamanda waweza kulisimamia jambo hili bila gharama yoyote. Askari wa kike nao wapewe ruhusa ya kwenda kuchunguzwa kama wanavyopewa ya kwenda kliniki.

Wenzetu wa afya nao wana wajibu. Ni aibu kumwita mama ateremke milimani, alipe bodaboda, kisha akute siki imekwisha au mhudumu hayupo. Simu isiite kabla huduma haijawa tayari.

Wala haya hayashindi uwezo wa watu wa mpaka ule. Mwezi Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia Kasese, waliokutana na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja wakafuatiliwa kila siku, na moto ukazimwa. Saratani haiambukizi kwa kupeana mikono, lakini yahitaji bidii ile ile ya kumfuatilia kila mtu mpaka mwisho.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo 2030, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha kuaminika kabla ya miaka 35, na tena kabla ya 45. Lengo hilo litafikiwa nyumba kwa nyumba. Ewe askari, ukipokea ujumbe wa mkeo, mpe siku ile ile, mpe na nauli, na ikiwezekana umsindikize. Mficha maradhi kifo humuumbua; na anayemfichia mwenzake ujumbe wa uzima hana tofauti naye.