Blokcheni na misaada: nani anaandika mustari wa kwanza?

Mu mwezi wa Novemba 2025, maji ya asidi yalitoka mu bwawa la kampuni ya CDM yakaingia mu mitaa ya komine Annexe, hapa kwetu Lubumbashi. Waziri wa Mines, Louis Watum, akasimamisha kazi za kampuni kwa miezi 3 na kudai kama walioharibiwa walipwe. Sisi watu wa Katanga, tukisikia neno "kulipa", hatuanze na kuuliza ni pesa ngapi. Tunauliza kwanza: listi iko kwa nani?

Naanza na listi juu siku hizi kuna watu wanatuambia kama ulizo hilo limekwisha kupata dawa. Dawa yenyewe inaitwa blokcheni. Ma ONG wanaitaja mu mikutano, kampuni za kobalti wanaiandika mu raporo zao, na vijana wetu wanaijua kwa sababu ya bitcoin. Nimeifuata kwa muda, nikisoma na kuuliza wenye kujua. Nitawaambia yale nimeelewa, kisha nitasema ni fasi gani inaniuma.

Wazee wanakumbuka posho ya Union Minière. Karani wa magazini alikuwa na kitabu kimoja. Akiandika kama mke wa fulani amekwisha kupokea unga, basi amepokea, hata kama mfuko wake ni mtupu. Kitabu chake, kalamu yake. Blokcheni ni kitabu cha namna ingine. Kopi zake ziko mu ordinatere nyingi, kwa watu mbalimbali, na kila ukurasa unabeba alama iliyotolewa mu ukurasa ulioutangulia. Mtu akibadilisha mustari wa zamani mu kopi yake, alama za kurasa zinazofuata zinakataa kulingana na za wengine, na wizi unaonekana. Ni hivyo tu. Hakuna uchawi ndani.

Mu kazi za misaada, PAM ni kati ya wale walioitumia mapema na kwa wingi. Ni PAM ile ile inayopeleka unga na mafuta kwa watu waliokimbia vita kule Kivu na Ituri. Mwaka 2017, kisha jaribio dogo mu Pakistan, waliiingiza mu kambi ya Azraq, inchi ya Jordani, kwa wakimbizi 10,000 waliotoka Siria. Mama anaingia mu magazini ya kambi, anachagua mchele na mafuta, anafika mbele ya kesi, anaangalia mu mashini ndogo inayosoma jicho lake. Hakuna franga, hakuna karte. Bei inaandikwa mu kitabu kile, na PAM inamlipa mwenye magazini kwa jumla, nyuma. Mwaka uliofuata watu walipita 100,000. Mbele ya pale, banki ilikuwa inakata chake kwa kila malipo. Kwa njia ya blokcheni, sehemu kubwa ya pesa ile ilibaki. Sikatae jambo hili. Pesa ambayo banki haikukata ni chakula cha mtu.

Lakini muangalie nani ameshika kalamu. Blokcheni ya Azraq si ya wazi kama ile ya bitcoin. Ni ya ndani. Mu mwanzo ordinatere zilikuwa za PAM peke yake, na baadaye shirika ingine la Umoja wa Mataifa, lile la wanawake, likaingia kushika kopi pamoja nayo. Mkimbizi hana kopi. Hawezi kukaa mu nyumba yake ya bati akafungua kitabu na kuona nini kimeandikwa juu yake. Siku mashini inakataa jicho lake, anarudi kusimama mbele ya mtu aliyevaa fulana ya shirika na kumuomba, sawa vile mama zetu walikuwa wanamuomba karani.

Kuna njia ingine, na hiyo iko karibu zaidi na sisi. Kule Mombasa, mu mtaa wa maskini unaoitwa Bangladesh, mwaka 2013 watu walianza kupeana vikaratasi vyao wenyewe, Bangla-Pesa. Muuza samaki anakipokea kwa mshona nguo, mshona nguo alikipata kwa kinyozi, na soko inatembea hata kama shilingi zimekauka. Serikali ya Kenya iliona kama wanatengeneza pesa ya uongo, ikakamata watu kadhaa pamoja na mwanzilishi, Mmarekani Will Ruddick, kisha mashtaka yakafutwa. Miaka ikapita, vikaratasi vikaingia mu blokcheni na kuitwa Sarafu. Mu 2020, wakati wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulijiunga na kazi ile, mu mitaa kama Mukuru Kayaba, Nairobi. Kati ya mwanzo wa 2020 na katikati ya 2021, akaunti karibu 40,000 zilikuwa zinatembea, na watu walitumia simu ndogo ya kufinya namba, bila intaneti.

Sarafu haikuwa mbingu. Nguvu yake ilikuwa mu mtaa, kati ya wale wanaoikubali. Ukitoka pale, shilingi ndiyo bwana. Lakini kitu kimoja kinanipendeza: pale muuza mboga hangoje mtu mwingine aandike. Anapouza nyanya zake, yeye na mnunuzi wake ndio wanaandika mustari.

Sasa turudi kwetu, juu sisi pia tuko mu blokcheni, hata kama hakuna mtu alitubishia mlango kutuuliza. Mu Januari 2016, Amnesty International ilitoa raporo juu ya watoto na ba creuseur mu kobalti ya Congo. Wanunuzi wa Ulaya na wa Marekani wakaogopa majina yao. Mu Januari 2019, Ford, IBM, LG Chem, Huayou na RCS Global wakatangaza jaribio: kufuata kobalti kutoka mugodi wa Huayou hapa Congo, kupita Korea ya Kusini, mpaka fabriki ya Ford kule Marekani. Mwisho wa mwaka ule ule, Glencore, CMOC na ERG wakaanzisha yao, ReSource. Wandugu wa KCC, wa Tenke Fungurume na wa Metalkol wanajua ni ba patron gani ninasema. Umicore nayo ikashiriki mu majaribio. Umicore ni nani? Ni Union Minière yenyewe, iliyobadilisha jina mu 2001. Karani wetu wa posho amerudi, safari hii na ordinatere.

Walisema ni kwa kulinda watoto na wachimbaji. Basi muone. Jaribio lile la 2019 lilichukua kobalti ya mugodi wa kiwanda, fasi yenye lupango na walinzi. Creuseur, ambaye watu walimlilia mu raporo, alibaki inje; walisema zamu yake itakuja. Kwa hiyo mnunuzi alipata karatasi nzuri inayoonyesha kama mawe yake hayakupita mu mikono ya maskini. Lakini maskini yeye alipata nini? Kile kitabu hakina mustari wa jambo hilo. Na CDM, ile ya maji ya Annexe, ni mtoto wa Huayou. Jaribio lilihesabu mifuko ya kobalti. Maji ya bwawa hayakuwa mu hesabu.

Zamu ya creuseur sasa inaanza kufika. EGC, kampuni ya Leta iliyopewa haki ya kununua kobalti yote ya mikono tangu 2019, ilionyesha Kolwezi mu Novemba 2025 tani zake 1,000 za kwanza zenye kufuatwa njia. Iwe kwa blokcheni ao kwa registre ya kawaida, mufuko utapata namba, na namba itaufuata. Mimi ninafurahi, kweli. Ila kila mtu aliyepita mu depo anajua kama maisha ya creuseur yanakatwa kwa vitu viwili: balansi na Metorex. Kijana anashuka na mufuko wake, mnunuzi anapima, anasoma kilo. Anachukua mawe kidogo, anaelekeza mashini, anasoma teneur. Hapa wanamwambia 1.5. Depo ya pembeni wangemwambia 3, lakini hana tena pesa ya moto ya kuubeba mufuko mpaka kule. Anakubali.

Tuweke ile 1.5 mu blokcheni. Itabaki 1.5 pale depo, 1.5 mu Kolwezi, 1.5 kule ngambo, na hakuna mtu ataweza kuigusa. Wanasifu mashini juu hairuhusu mtu kufuta. Mimi ninauliza: kama mustari wa kwanza ni wa uongo, kutofuta kunamsaidia nani?

Nisionyeshe vidole kwa wengine peke yake. Miaka fulani iliyopita, mu sendika yetu, tuligawanya unga kwa familia za wafanyakazi waliofukuzwa na kampuni moja ya sous-traitance. Listi tuliandika sisi ba delege, usiku mumoja, mu daftari ya mtoto wa masomo. Asubuhi ya kugawanya tukakuta majina ya watu wawili waliokwisha kufa, na shemeji wa delege mumoja ambaye hajawahi kuvaa kofia ya mugodi hata siku moja. Mjane aliyekuwa na haki alisimama mpaka saa nane. "Jina yangu iko fasi gani?" Hatukuwa na jibu. Jioni tulimuandika kwa kalamu, pale chini, akapokea. Nafikiri mara nyingi: kama listi yetu ya aibu ingekuwa imefungwa mu mashini, yule mama tungemuandika wapi?

Na kuna jambo la Gécamines, ambalo bado ni kidonda. Mu 2003, kwa pesa ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa mu kazi kwa ile waliita départ volontaire, kisha miezi mingi bila mushahara. Walipewa pesa ya jumla. Wengi walilia kama hesabu hailingane na miaka yao, lakini walitia saini, juu watoto walikuwa na njaa. Leo ukifungua dosie, unakuta saini. Kile kilichosemwa na mzee siku ile, mkono ukitetemeka, hakuna. Blokcheni ingechunga saini ile vizuri sana. Ingekuwa ushahidi wa nguvu, juu ya mzee.

Kuna pia hatari ya kuonekana. Mu 2021, Human Rights Watch ilieleza namna habari za Warohingya waliokimbilia Bangladesh, zilizokusanywa na HCR, zilifika mu mikono ya serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. Ile haikuwa blokcheni. Lakini sisi wenye wandugu kule Goma na Bukavu, tuwaze kidogo juu ya listi yenye majina, vidole na macho, ambayo haifutike, siku mji unabadilisha mukubwa.

Kwa hiyo mu sendika sikuje kusema tukatae mashini. Nasema tuingie mapema, pale mustari unaandikwa. Kwa balansi na kwa Metorex, creuseur awe na mtu wake aliyemchagua mwenyewe, na apate karatasi yenye namba zile zile zilizoingia mu mashini. Kwa misaada na malipo, majina yasomwe kwa sauti mu mtaa mbele ya kufungwa, na mtu aone mustari wake kwa simu ndogo, si kwa simu ya dola 300. Kosa lisifutwe kwa kificho, sawa. Basi kuwe na njia ya kuandika sahihisho juu yake, na siku zijulikane: 10, 15, lakini zijulikane. Wenye kujua wanasema mashini inaweza hiyo bila shida. Shida ni nani anapewa ruhusa.

Na vidole na macho visiwekwe mu kitabu chenyewe. Hapa ninajua kama ba camarades wengine wanafikiri tofauti; wanasema bila kidole, wezi watapokea mara mbili. Tutaongea tena.

Mama mumoja wa Annexe aliniuliza, tukiwa tumesimama pembeni ya shamba lake ambalo muhogo umekauka: "Papa delege, jina yangu ikiingia mubaya mule mu mashini yenu, nani ataitosha?" Nilimwambia mashini si yangu. Akasema: "Njo vile munasemaka bote." Ulizo lake nimeliandika kama pointi ya kwanza mu barua tunayotayarisha kwa wale watakaopewa kazi ya listi. Nafasi ya jina la mwenye kujibu tumeiacha wazi.