Mbona picha zako zote za usiku?

Nimekuwa kimya, zamu zimenibana. Swali mnaloniuliza sana ni hili: mbona picha zako zote za London ni za giza, mchana huwa unalala? Ndiyo, mara nyingine nalala, nesi wa usiku atafanyaje! Lakini hata nikiwa likizo wageni wangu nawatembeza usiku, na leo naomba niseme kwa nini, maana mdogo wangu anakuja Desemba na ameshanitumia orodha ya majengo anayotaka kuingia. Yote mchana, yote kwa tiketi.

Tuanze na hela. Tower of London peke yake tiketi ya mtu mzima inazidi pauni 30. Westminster Abbey nako wanalipisha, St Paul's vile vile. Mkiwa familia ya watu wanne piga hesabu mwenyewe. Usiku unasimama nje bure, na taa wamekuwashia wao.

Lakini si ubahili tu (najua mtasema). Mchana pale Westminster Bridge unaona migongo ya watu tu. Usiku angalia juu kabisa ya ule mnara wa saa, ambao tangu 2012 unaitwa Elizabeth Tower, Big Ben ni kengele ya ndani. Taa ya kule juu ikiwaka ujue wabunge bado wamo ndani wanabishana. Ng'ambo ya mto, kwenye bustani ya hospitali ya St Thomas', kuna sanamu ya Mary Seacole, mama wa Kijamaika aliyehudumia askari kwenye vita ya Crimea. Iliwekwa 2016. Hapo nawasimamisha wageni wapende wasipende!

Ila kwangu mimi jengo la usiku hasa ni St Paul's. Lilijengwa upya na Christopher Wren baada ya moto mkubwa wa 1666. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Wajerumani zikamwaga mabomu ya moto, mitaa ya jirani ikateketea, na bomu moja likanasa kwenye kuba. Kulikuwa na watu wa kujitolea waliokuwa wakikesha kanisani, wanapanda kule juu gizani kuzima moto. Bomu lile likadondoka kwenye roshani, wakalizima. Yaani kanisa lile lipo mpaka leo kwa sababu kuna watu walikuwa zamu ya usiku! Ukiingia mchana unaonyeshwa dhahabu na michoro, mizuri sana sikatai. Lakini simama nje saa sita usiku, inua kichwa uangalie kuba lile lilivyo juu, ndipo utajua wale watu walikuwa na roho ya namna gani.

Wapo wanaosema kuona nje si kutembelea. Kwa Tower nakubaliana nao, mataji ya wafalme yako ndani na usiku huyaoni. Kuna sherehe ya kufunga malango kila siku kabla ya saa nne usiku, imefanyika kwa karne nyingi, lakini tiketi zake zinachukuliwa mapema sana. Kwa hiyo Tower twende mchana.

Na msiogope habari ya watoto kukesha. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo saa kumi na moja mnaona taa zote na saa mbili mko kitandani. Mgeni wa Juni ndiye ana kazi, mpaka saa tatu usiku bado kweupe. Tunapita njia ya kando ya mto kwenye watu, vichochoro achaneni navyo, na simu usiishike mkononi ovyo, vijana wa baiskeli hawana huruma.

Mdogo wangu, lete koti zito na viatu vya kutembelea, si vile vya harusi. Orodha yako nimeshaikata, imebaki tiketi moja.