Mbolea ya nano: nani atapima kilicho ndani ya chupa Kivu Kaskazini?

GOMA – Chupa ya nusu lita inayodaiwa kufanya kazi ya mfuko wa urea wa kilo 45. Kwa mkulima wa Masisi, anayelipia tshukudu au pikipiki na kupita kizuizi baada ya kizuizi kabla mbolea haijafika shambani, ahadi hiyo si ndogo.

Chupa hiyo, nano urea, ilitangazwa mwaka 2021 na IFFCO, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima nchini India. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho zinanyunyiziwa majani, na wanaozitengeneza wanasema huingia moja kwa moja kwenye mmea, wakati urea ya kawaida huoshwa na mvua kwa wingi.

Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab, India, walipoijaribu kwenye ngano na mpunga, mavuno yalipungua yakilinganishwa na ya mbolea ya kawaida. Hesabu yenyewe inatia shaka: kilo 45 za urea zina kilo 20 hivi za naitrojeni. Chupa ya nusu lita haiwezi kubeba hata kilo moja.

Kwa Kivu kuna swali jingine. Maharagi, chakula cha kila siku hapa, hujitengenezea sehemu ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Kinachokosekana mara nyingi kwenye udongo wa volkano ni fosforasi: ipo, ila udongo huishika na mmea haiipati. Nano urea haigusi tatizo hilo.

Teknolojia ya nano inaweza kutufaa zaidi baada ya mavuno. Chuo Kikuu cha Nairobi na Sokoine cha Morogoro vilishiriki katika utafiti wa heksanali, kemikali ambayo mimea yenyewe huitoa. Ikichanganywa kwa matone madogo sana na kunyunyiziwa matunda, huchelewesha kuiva na kuoza. Maembe na ndizi ni miongoni mwa yaliyojaribiwa. Yeyote aliyeona ndizi zikishushwa kwenye mtumbwi kutoka Minova, pale soko la Kituku, anajua siku chache za ziada zina thamani gani kwa mama muuzaji.

Shida ni usimamizi. Baada ya M23 kuutwaa mji huu mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, benki nyingi zilifunga milango, na ofisi za serikali ya Kinshasa ziliacha kuongoza hapa. Waliohamishwa kwenye kambi mwezi uliofuata walirudi Masisi na Rutshuru, wengi bila mbegu wala mtaji. Mtu wa hali hiyo akiuziwa chupa ya maji yenye karatasi nzuri ya nembo, amepoteza msimu mzima. Tena ananyunyizia bila barakoa, na athari za baadhi ya chembe hizi kwenye mapafu bado zinachunguzwa.

Kupima hakuhitaji maabara kubwa. Msimu A huanza Septemba: mistari miwili ya mahindi, mmoja kwa urea ya kawaida, mwingine kwa chupa, na mizani siku ya kuvuna. Vyama vya wakulima vinaweza kufanya hivyo kabla ya mwanachama hata mmoja kutoa pesa yake.