Sabuni Laini Haijulikani kwa Harufu

Leo natuzungumze juu ya kitu kisichokosekana katika nyumba yoyote, yaani sabuni; na hasa sabuni ya kumwoshea mtoto mchanga au mtu mwenye ngozi dhaifu.

Mama mmoja wa Mitwero, karibu na mji wa Lindi, ana mtoto wa miezi minne. Mashavu na mikono ya mtoto ilikauka ikawa na mabaka yenye kuwasha, hata usiku halali. Mama alikuwa akimwosha kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Akashauriwa anunue sabuni "laini". Akaenda dukani, akawekewa nne mbele yake. Ya kwanza ina picha ya mtoto mnono. Ya pili ni ya kijani, inanukia sana, na imeandikwa kwamba huua vijidudu. Ya tatu imepikwa na kikundi cha akina mama kwa mafuta ya nazi, haina hata karatasi. Ya nne, aliambiwa, hung'arisha ngozi.

"Ipi kati ya hizi iliyo laini?" akauliza.

"Zote laini, dada," akajibu mwenye duka. "Chagua harufu uipendayo."

Basi, msomaji wangu, jibu hilo silo. Harufu haikuambii neno lolote juu ya ulaini wa sabuni. Wala picha haikuambii. Tuzitazame zote nne, moja moja, tujue zimetengenezwa kwa nini.

Kwanza, sabuni ni nini? Sabuni ya kweli hutokana na vitu viwili: mafuta, na dawa kali iitwayo kostiki. Vikichanganywa kwa kipimo chake, vyote viwili hugeuka vikawa sabuni na glisirini. Katika sabuni iliyopikwa vema kostiki haibaki. Hata hivyo sabuni hubaki na ukali wake. Wataalamu hupima uchachu na ukali kwa hesabu ya 0 mpaka 14. Maji safi ni 7. Ngozi ya mtu ni yenye uchachu kidogo, kama 5. Sabuni ni 9 au 10. Kwa hiyo hakuna sabuni ya kweli isiyoisumbua ngozi hata kidogo. Iko inayokausha kidogo, na iko inayokausha sana. Sabuni ya mche ni ya kutoa mafuta na jasho katika nguo, na mara nyingi hutiwa magadi ili isafishe zaidi. Ngozi ya mtoto si kanga wala si shuka.

La pili, ni mafuta gani yaliyotumika? Hapa ndipo wengi wetu wa pwani tunapokosea. Sisi tumelelewa na nazi. Mtoto akikauka ngozi, bibi yake humpaka mafuta ya nazi, naye hupata nafuu. Basi twafikiri kwamba sabuni ya nazi nayo itampoza vivyo hivyo. La hasha! Mafuta ya nazi na sabuni ya nazi ni vitu viwili mbalimbali. Mafuta hukaa juu ya ngozi yakaizuia isikauke. Lakini yakisha kupikwa na kostiki hugeuka kuwa sabuni yenye nguvu kupita nyingi nyingine. Hutoa povu jingi na husafisha sana, na kwa sababu hiyo hukausha sana. Sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, na mabaharia waliitumia zamani kwa ajili hiyo. Kwa wenye visima vya maji ya chumvi ni sabuni ya kufaa sana, hasa kwa vyombo na nguo. Kwa mtoto mwenye ngozi kavu si ya kwanza kuchaguliwa, isipokuwa imechanganywa na mafuta mengine.

Mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya mchikichi, tabia yake ni kama ya nazi. Mawese na mafuta ya ng'ombe hutoa sabuni ngumu, isiyoisha upesi, na yenye upole zaidi. Ufuta, alizeti na zeituni hutoa sabuni teketeke, povu lake dogo, nayo huwa pole zaidi. Kwa hiyo, mama, usidanganywe na povu. Povu jingi si dalili ya ulaini.

Wala usidanganywe na neno "asilia". Watu wa Lindi hawahitaji kufundishwa hili: nani aliyebangua korosho asiyeyajua mafuta ya ganda lake? Ni ya mti, hayakutoka kiwandani, lakini huchoma vidole vikatoka malengelenge. Kadhalika na sabuni ya mwani inayopikwa na akina mama wa Unguja: mwani umo na jina ni la mwani, lakini kinachoosha ni mafuta yaliyopikwa na kostiki. Ukitaka kuijua sabuni hiyo, uliza mafuta yake.

La tatu, twende nyuma ya boksi. Hapo pana maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi, kwa kuwa ni ya lugha ya kigeni. Msiogope. Majina ni machache, na mtoto wa shule atawasomea. Kitu kilichotiwa kwa wingi huandikwa kwanza, kilicho kidogo huja nyuma. "Sodium palmate" ni sabuni ya mawese. "Sodium palm kernelate" ni ya mise. "Sodium cocoate" ni ya nazi. "Sodium tallowate" ni ya mafuta ya wanyama. "Aqua" ni maji tu. "Glycerin" ni glisirini, nayo husaidia ngozi kushika unyevu. "Parfum" ni manukato. Neno hilo moja laweza kuficha vitu vingi, na ni katika hayo ngozi dhaifu mara nyingi hupata madhara. Herufi CI zikifuatwa na tarakimu tano ni rangi, ambayo haimwoshi mtu yeyote.

Sasa chukua boksi lenye picha ya mtoto na boksi la sabuni ya kawaida ya kuogea, yasome pamoja. Mara nyingi utakuta majina mawili au matatu ya kwanza ni yale yale! Tofauti ni picha, harufu na bei. Kama ile ya mtoto ina "parfum" na ile ya kawaida haina, basi ile ya kawaida ndiyo iliyo bora kwa mtoto wako, hata kama ni rahisi zaidi.

Iko pia aina isiyo sabuni ya kweli, ingawa huuzwa kwa umbo la sabuni. Mwanzoni mwa orodha yake utaona "sodium cocoyl isethionate". Sabuni ya Dove, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957, ni ya namna hii. Ukali wake ni mdogo, karibu na hali ya ngozi yenyewe. Ni nzuri kwa ngozi kavu, lakini bei yake ni kubwa. Asiyeweza kuinunua asihuzunike. Nitamwonyesha njia hapa chini.

Na ile ya kijani, ya kuua vijidudu? Mwaka 1996 au leo, mama wa kijijini huambiwa yale yale: lipa zaidi upate kinga. Lakini mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikataza dawa 19 za namna hiyo katika sabuni za nyumbani, mojawapo ikiwa triklosani, kwa sababu wenye viwanda hawakuweza kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kunawa vema kwa sabuni yoyote kwatosha.

Sasa ile ya nne, ya kung'arisha. Hapo sisemi linganisheni; nasema iacheni. Baadhi ya sabuni hizo zina zebaki. Zebaki hupenya ngozi, huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ukiona "mercury", "mercuric iodide", "calomel" au "Hg", rudisha. Tena ukiona onyo kwamba sabuni isiguse dhahabu, fedha wala alumini, jua sababu yake: zebaki hula madini hayo. Mataifa yalifanya mapatano juu ya zebaki mwaka 2013, yakaitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Kwetu Tanzania vipodozi vyenye zebaki ni marufuku, na tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi iko mikononi mwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Sabuni isiyo na orodha yoyote, wala jina la aliyeitengeneza, nayo yenye kuahidi weupe, haifai kuingia nyumbani.

Imebaki ile ya kikundi. Sisemi msiinunue, fedha yake hubaki kwetu. Lakini ulizeni bila haya: "Mama, mmepima kwa mizani au kwa kikombe?" Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji kostiki kama gramu 183. Kilo moja ya ufuta huhitaji kama gramu 134 tu. Anayetumia kipimo cha nazi kupikia ufuta anabakiza karibu gramu 50 za kostiki ndani ya sabuni, nayo itachoma. Kisha ulizeni imekaa majuma mangapi. Sabuni isiyochemshwa motoni yafaa ikae majuma manne mpaka sita. Yenye matone ya maji juu, au vipande vyeupe vigumu ndani, msiichukue.

Basi yule mama wa Mitwero alifanyaje? Alirudisha zote nne. Akachukua sabuni nyeupe ya kuogea iliyokuwa rafu ya chini, isiyo na manukato wala rangi. Akamwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, sabuni akaitia kidogo penye uchafu tu, akamsuuza vema, akamkausha kwa kumgusagusa bila kumsugua, akampaka mafuta yasiyo na harufu ngozi ingali na unyevu. Hii ndiyo njia niliyowaahidi, na haina gharama. Mabaka yakapungua, na mtoto akalala.

Lakini mabaka yakitoa maji au usaha, au mtoto akiwa na homa, msibadilishe sabuni tena; nendeni zahanati siku ile ile. Na kwa mtoto aliyezaliwa leo, msifanye haraka: Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Juma hili, kabla ya kununua, geuzeni boksi. Kwaherini mpaka juma lijalo.