Kupumzika Si Kufumba Macho

Wako watu wadhanio kuwa msafiri aliyekwenda kupumzika ana ruhusa ya kutojua lolote. Akishapata kivuli, upepo wa bahari na chai ya moto, basi habari za wenyeji si kazi yake. Sahibu yangu niliyesafiri naye Uturuki ni mmoja wao, na siku nzima katika mji wa Ayvalık tulibishana juu ya jambo hili, mara kwa mzaha, mara kwa kweli. Mimi sikubaliani naye, na sababu zangu ni hizi.

Ayvalık ni mji wa bandari katika pwani ya Aegean, unaoelekeana na kisiwa cha Lesbos cha Ugiriki. Mali yake kubwa ni mafuta ya zeituni. Asubuhi tulikaa mkahawani kando ya maji, tukanywa chai ya rangi katika vibilauri vilivyobana kiunoni, huku wazee wakicheza tavla, mchezo wa dadu na kete. Hakuna aliyetuhimiza kuondoka. Mchana tulikula mkate wa kubanwa motoni wenye jibini na soseji ya ng'ombe, ambao Uturuki nzima waujua kwa jina la mji huu. Kisha tukazunguka vichochoro vya nyumba za mawe. Sahibu yangu akasema, "Hapa ndipo pahali pa raha, bwana. Historia waachie walimu."

Mimi nasema raha ile ile ndiyo inayotutaka tuulize. Adhuhuri tuliswali Saatli Cami, yaani Msikiti wa Saa. Jina latokana na saa iliyo mnarani, na mnara huo ulikuwa wa kengele, kwani jengo hilo lilijengwa na Wagiriki katika karne ya 19 liwe kanisa lao. Mpaka mwaka 1922 wengi wa wakaazi wa Ayvalık walikuwa Wagiriki Wakristo. Wagiriki waliposhindwa vitani mwaka huo, wanaume wengi wa mji walikamatwa wakapelekwa bara kufanya kazi za sulubu. Mmoja wao, Ilias Venezis, alikuwa kijana wa miaka 18. Alinusurika, na baadaye akaandika kitabu juu ya mateso yale.

Januari 1923, huko Lausanne, Uturuki na Ugiriki zilitia saini mapatano ya kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja wakawa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia. Waislamu kati ya laki tatu na nusu na laki nne wakatolewa Ugiriki kupelekwa Uturuki. Kipimo kilikuwa dini, si lugha. Ndipo Waislamu wa Krete, ambao wengi wao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kigiriki, wakaletwa Ayvalık na kisiwa jirani cha Cunda, wakakaa katika nyumba za Wakristo waliosema lugha ile ile.

Sisi Waislamu wa pwani tukisikia kanisa limekuwa msikiti, huenda tukafurahi upesi na kuliona jambo hilo kuwa ushindi. Lakini waliokuja kuswali humo walikuwa wameacha misikiti yao na makaburi ya wazee wao ng'ambo, na hakuna aliyewauliza kama wataka kuhama. Kilio kilikuwa pande zote mbili za bahari. Dini yetu yatuamrisha kutembea katika ardhi na kuzingatia yaliyowapata waliotutangulia, na haikutuambia tuzingatie yaliyowapata wa kwetu peke yao.

Sahibu yangu aliniuliza, "Ukijua yote hayo, chai itapita kooni?" Yapita, tena kwa adabu zaidi. Asiyejua humwona mzee wa mkahawani kama pambo la pwani. Ajuaye humwamkia kama mtu ambaye huenda babu yake alishuka bandarini na mzigo mmoja begani, asijue atalala wapi.

Basi ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika huko, pumzika kwa nafasi yako. Lakini ukiegemea ukuta wa mawe, uliza nyumba ile ilijengwa na nani, na aliyekuja kuishi humo alitoka wapi.