Ahadi za Mataifa juu ya Akili Mnemba

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo vijana wetu walijua kuliko wazee wao, lakini khatari yake itawafikia wote pamoja. Jambo lenyewe ni akili mnemba, nazo ni programu zilizofunzwa kwa maandishi, sauti na picha zisizo na idadi, hata zikaweza kutunga khabari, kuchora sura ya mtu, na kuiga sauti yake kiasi cha kumhadaa mamake mzazi.

Tazameni madhara yake. Mtu aweza kuiga sauti ya kijana aliye safarini, akampigia mama yake simu huku analia kuwa amepata ajali, na kwamba atumiwe fedha upesi. Mwizi yu katika nchi moja, mtambo u katika nchi ya pili, na mwenye kuibiwa yu katika nchi ya tatu. Je, ni askari wa nchi gani atakayemkamata? Kidole kimoja hakivunji chawa, wala nchi moja peke yake haiwezi kuilinda mipaka ambayo sauti huipita bila ya kuonekana.

Mataifa yameliona jambo hili. Novemba 2021 nchi 193 za UNESCO zilikubali mapendekezo juu ya maadili ya akili mnemba. Novemba 2023 Uingereza ilikaribisha mkutano Bletchley Park, mahali ambapo katika Vita Vikuu vya Pili Waingereza walifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilitoa tamko moja. Marekani na Uchina zilikuwamo, na kadhalika Kenya, Rwanda, Saudi Arabia na Indonesia. Ni jambo la kusifiwa wapinzani wakubwa kukaa katika baraza moja.

Lakini mkutano wa Paris wa Februari 2025 ulipotoa tamko jingine, Marekani na Uingereza zilikataa kutia sahihi. Marekani ilichelea sheria nyingi kuzuia maendeleo ya kazi hiyo, na Uingereza ikasema tamko halikueleza mambo waziwazi. Basi hapo ndipo tunapoona udhaifu wa matamko haya: mwenye kupenda huingia, na mwenye kuchoka hutoka, wala hapana wa kumwuliza.

Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, lililoanzishwa 1957, lina wakaguzi waingiao mitamboni na kupima madini ya urani. Akili mnemba haina madini ya kupimwa, kwani programu hunakiliwa na kuvuka bahari bila ya kupita forodhani. Kwa hivyo, ahadi tupu hazitoshi. Yapasa ziwepo sheria zenye adhabu. Umoja wa Ulaya umetunga sheria iliyoanza Agosti 2024, na kampuni itendayo yaliyoharimishwa humo yaweza kutozwa hata asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka. Na Agosti 2025 Umoja wa Mataifa ulikubali kuunda baraza la wataalamu 40, ili mataifa yote, maskini na tajiri, yapate elimu moja ya jambo hili. Hiyo ni njia njema, kwani asiyejua hawezi kujadiliana na ajuaye.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Ahadi ni deni, na serikali zilizotia sahihi yafaa ziulizwe na raia wao: mmetekeleza nini? Enyi vijana, jifunzeni namna mitambo hii inavyofanya kazi, msiwe watumiaji tu. Na enyi kina mama na kina baba, ikiwajia sauti ya kuomba fedha kwa haraka, ikateni simu, kisha mpigieni mwenyewe kwa nambari mnayoijua. Kuhakikisha khabari kabla ya kuiamini ni adabu yetu ya tangu zamani, na leo imekuwa ngao ya nyumba zetu.

Wabillahi tawfiq.